Uzazi umepungua, kwa nini kasi ya ongezeko la watu Tanzania imepanda hadi asilimia 3.2?

Mjukuu_wa_Kahama

Shikamooni wakubwa zangu, na habari za leo kwa wenzangu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, tahasusi ya HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), na katika mada ya idadi ya watu kuna jambo ambalo tumebishana darasani bila kufikia mwafaka.

Takwimu ni hizi. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu 34,443,603, ya mwaka 2012 ikahesabu 44,928,923, na ile ya Agosti 2022 ikahesabu 61,741,120. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inaeleza kwamba kati ya 2002 na 2012 watu waliongezeka kwa wastani wa asilimia 2.7 kwa mwaka, na kati ya 2012 na 2022 kwa wastani wa asilimia 3.2. Hadi hapo sina swali. Swali linakuja ninapoziweka takwimu hizo kando ya tafiti za afya ya uzazi na mtoto, ambazo zinaonyesha kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Tanzania alizaa kwa wastani watoto zaidi ya 6 katika maisha yake, wakati utafiti wa mwaka 2022 umekuta wastani wa 4.8. Inawezekanaje wanawake wazae watoto wachache kuliko zamani, halafu kasi ya ongezeko la watu ipande badala ya kushuka?

Wapo wenzangu wanaosema sababu ni wahamiaji kutoka nchi jirani, na wapo wanaosema sensa moja kati ya hizo mbili ina kasoro. Mimi sioni ushahidi wa kutosha upande wowote.

Nina swali la pili, ambalo huenda lina uhusiano na la kwanza. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022. Nimekokotoa na kupata ongezeko la asilimia 2.1 tu kwa mwaka, yaani chini ya wastani wa taifa. Tumefundishwa kwamba vijana wanahama vijijini kwenda mijini, na Dar es Salaam ndiyo hutajwa kila mara. Je, watu wameacha kuhamia Dar es Salaam?

Mwalimu_wa_Nyanda_za_Juu

Marahaba, mwanangu. Umeuliza vizuri, na ningefurahi kama wanafunzi wangu wangekuwa na tabia hii ya kuweka majedwali mawili bega kwa bega badala ya kukariri kila moja peke yake.

Anza kwa kutenganisha mambo mawili: wastani wa watoto kwa kila mwanamke, na idadi ya wanawake wenyewe. Watoto wanaozaliwa nchini kwa mwaka hutokana na yote mawili. Sensa ya mwaka 1988 ilihesabu watu wapatao milioni 23, na ya mwaka 2022 imehesabu karibu milioni 62, maana yake ni kwamba watu wameongezeka zaidi ya mara mbili na nusu katika miaka 34, na wanawake walio katika umri wa kuzaa, yaani kuanzia miaka 15 hadi 49, wameongezeka pamoja nao. Katika kipindi hichohicho wastani wa watoto kwa kila mwanamke umepungua kwa takriban robo. Ukipunguza robo upande mmoja huku upande wa pili ukizidisha mara mbili na nusu, watoto wanaozaliwa lazima wawe wengi kuliko zamani.

Tazama pia piramidi ya umri ya mwaka 2022, yaani mchoro unaowagawa watu kwa makundi ya umri na jinsia. Asilimia 42.8 ya Watanzania wote walikuwa na umri chini ya miaka 15. Hao ni zaidi ya watu milioni 26, na nusu yao ni wasichana ambao wataingia umri wa kuzaa hatua kwa hatua hadi kufikia mwaka 2037. Hata kama kila mmoja wao ataamua leo kuzaa watoto wawili tu, watu wataendelea kuongezeka kwa miongo kadhaa, kwa sababu idadi ya wazazi wapya ni kubwa kuliko idadi ya wazee wanaofariki. Wataalamu wa demografia huita hali hii msukumo wa idadi ya watu. China ni mfano mzuri wa kuandika kwenye mtihani: uzazi wake ulishuka chini ya watoto 2.1 kwa kila mwanamke, yaani kiwango kinachotosha tu kizazi kimoja kujaza nafasi ya kile kilichotangulia, mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini watu wake waliendelea kuongezeka kwa takriban miaka 30, na ni mwaka 2022 tu ndipo idadi ilipoanza kushuka, kwa watu wapatao 850,000.

Kuhusu wahamiaji, nisingewapa uzito mkubwa katika takwimu za taifa zima. Tanzania imepokea wakimbizi wengi kutoka Burundi na Kongo kwa vipindi tofauti, hasa mkoani Kigoma, lakini pengo kati ya sensa hizi mbili ni watu karibu milioni 17. Makambi yote ya Kigoma kwa pamoja ni sehemu ndogo mno ya idadi hiyo.

Hesabu_za_Watu

Namshukuru Mwalimu kwa maelezo yake, na mfano wa China ni sahihi. Hata hivyo naomba kuongeza jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka. Msukumo wa idadi ya watu unaeleza kwa nini watu wanaendelea kuongezeka. Kijana wetu ameuliza kitu tofauti: kwa nini asilimia ya ongezeko imepanda. Nchi inaweza kuongeza watu wengi zaidi kila mwaka huku asilimia yake ikishuka, na ndivyo dunia ilivyokuwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, ambapo asilimia ya ongezeko ilishuka wakati watu wapya walikuwa bado wanahesabiwa kwa mamilioni mengi kila mwaka.

Kwa hiyo turudi kwenye kanuni yenyewe. Kasi ya ongezeko ni vizazi kwa kila watu 1,000, ukitoa vifo kwa kila watu 1,000, ukijumlisha wanaohamia na kutoa wanaohama. Kila maelezo yanayotolewa kuhusu ile asilimia 3.2 ni lazima yapitie katika moja ya milango hiyo mitatu, au yaingie kwa mlango wa nne, ambao si wa idadi ya watu bali wa namna walivyohesabiwa. Mwalimu ameshaufunga mlango wa uhamiaji, nami nakubaliana naye. Inabaki mitatu.

Mlango wa vizazi kwanza, kwa sababu hapo ndipo ulinganisho wako, Mjukuu, ulipoegemea upande. Umechukua uzazi wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuulinganisha na wa 2022, wakati kasi unazozilinganisha ni za mwongo wa 2002 hadi 2012 na ule wa 2012 hadi 2022. Chukua tafiti zinazoangukia ndani ya miongo hiyo. Wa mwaka 2004-05 ulikuta wastani wa watoto 5.7 na wa mwaka 2010 ukakuta 5.4, kwa hiyo mwongo wa kwanza ulizunguka kwenye 5.5. Wa mwaka 2015-16 ulikuta 5.2 na wa 2022 ukakuta 4.8, yaani mwongo wa pili ulizunguka kwenye 5.0. Kushuka kutoka 5.5 hadi 5.0 ni upungufu wa takriban sehemu moja ya kumi tu, si robo. Uzazi umepungua, lakini kati ya miongo hii miwili umepungua kidogo. Tena wastani huo unaficha nchi mbili ndani ya nchi moja, maana mwaka 2022 wanawake wa mijini walikuwa na wastani wa watoto 3.6 na wa vijijini 5.5.

Mlango wa vifo ndio uliobadilika sana. Utafiti wa mwaka 2004-05 ulikuta kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 112 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2010 walikuwa 81, mwaka 2015-16 wakawa 67, na mwaka 2022 wakawa 43. Soma tena mfululizo huo taratibu. Katika muda usiofika miaka 20, hatari ya mtoto kufariki kabla ya miaka mitano imepungua kwa zaidi ya nusu, kwa sababu ya chanjo, vyandarua vyenye dawa, tiba bora ya malaria, na akina mama wengi zaidi kujifungulia katika vituo vya afya. Upande wa watu wazima, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilianza kutolewa bure mwaka 2004 na zikaenea katika miaka iliyofuata, hivyo watu wengi wa umri wa kati ambao wangefariki katika mwongo wa kwanza waliendelea kuishi katika mwongo wa pili.

Sasa fanya hesabu ndogo. Nambari hizi ni za mfano wa darasani, si takwimu rasmi. Nchi ina vizazi 41 na vifo 12 kwa kila watu 1,000: ongezeko ni 29 kwa kila 1,000, yaani asilimia 2.9. Miaka kumi baadaye vizazi vimeshuka hadi 38, lakini vifo vimeshuka hadi 7: ongezeko ni 31 kwa kila 1,000, yaani asilimia 3.1. Vizazi vimepungua na kasi imepanda, bila mhamiaji hata mmoja. Hapo ndipo penye jibu la fumbo lako kwa sehemu kubwa: kasi ya ongezeko haifuati uzazi peke yake, inafuata pengo kati ya vizazi na vifo, na vifo vikikimbia chini kuliko vizazi pengo hupanuka.

Nimesema kwa sehemu kubwa, sikusema kwa ukamilifu, na hapa naingia mlango wa nne. Kutoka 2.7 hadi 3.2 ni mruko mkubwa kidogo kuliko ule ambao vizazi na vifo peke yake vinaweza kuuzaa kwa urahisi. Hakuna sensa inayomfikia kila mtu. Ikiwa sensa ya kwanza iliacha watu wengi zaidi kuliko ya pili, kasi inayokokotolewa kati yao itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Unaweza kulipima jambo hili mwenyewe kwa kikokotoo: tuseme, kwa dhana tu, kwamba sensa ya mwaka 2012 iliwakosa watu 2 katika kila 100 na ile ya 2022 haikumkosa mtu. Kasi halisi ingekuwa karibu asilimia 3.0, si 3.2. Kwa kipindi cha miaka kumi, kila asilimia moja ya watu waliokosekana mwanzoni huongeza takriban 0.1 kwenye kasi ya mwaka.

Kuna sababu za kufikiri kwamba ufikiaji wa mwaka 2022 ulikuwa mzuri zaidi. Ilikuwa sensa ya kwanza nchini kukusanya taarifa kwa vishikwambi (vilevile ambavyo baadaye walimu waligawiwa), majengo nayo yalihesabiwa, na operesheni ya anwani za makazi ilikuwa imetangulia mwaka huohuo, kwa hiyo karani alikuwa na njia ya kujua nyumba ambayo haijafikiwa. Mwaka 2012, kwa upande mwingine, yalikuwapo makundi yaliyowashawishi watu wasihesabiwe kutokana na mvutano juu ya kipengele cha dini. Mambo haya hayathibitishi kiasi cha watu waliokosekana. Yanatosha kukufanya usiichukulie tofauti ya 0.5 kana kwamba yote ni ya uzazi na vifo.

Upepo_wa_Kusi

Naandika kutoka Mombasa, ambako nimefundisha Jiografia shule ya upili. Mjadala huu umenikumbusha fumbo la kwetu ambalo linafanana na lenu sana, na naona linaweza kumsaidia huyu kijana kwa sababu sisi tulilipitia mapema kidogo.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8, mojawapo ya viwango vya juu zaidi vilivyokuwa vimerekodiwa duniani wakati huo. Utafiti wa mwaka 1998 ulikuta watoto 4.7. Hiyo ni karibu nusu, ndani ya miaka 20, na vitabu vilianza kuisifu Kenya kama mfano wa Afrika. Halafu utafiti wa mwaka 2003 ukakuta 4.9. Uzazi ulikuwa umesimama, hata ukapanda kidogo, na ilibidi kungoja hadi mwaka 2014 kuona 3.9, kisha 3.4 mwaka 2022.

Linganisha na sensa. Mwaka 1989 tulikuwa takriban milioni 21.4, mwaka 1999 milioni 28.7, mwaka 2009 milioni 38.6, na mwaka 2019 tulikuwa 47,564,296. Kasi kati ya 1989 na 1999 ilikuwa asilimia 2.9, na kati ya 1999 na 2009 ikawa karibu asilimia 3.0, ingawa uzazi wa kipindi hicho cha pili ulikuwa chini ya ule wa cha kwanza. Kisha kati ya 2009 na 2019 ikaporomoka ghafla hadi 2.2. Katika mwongo wa 1999 hadi 2009 tuliongeza watu wapatao milioni 9.9, na katika mwongo uliofuata, tukiwa na wazazi wengi zaidi, tukaongeza milioni 9.0 tu.

Kuporomoka huko kulitokana kwa kiasi kikubwa na uzazi kushuka kweli, lakini hesabu yenyewe ina mkono wake. Matokeo ya sensa ya 2009 yalipotangazwa mwaka 2010, Waziri wa Mipango wa wakati huo, Wycliffe Oparanya, alisema kwamba takwimu za wilaya nane za kaskazini, zikiwamo za Mandera na Turkana, hazikubaliki. Ukubwa wa ongezeko ulikuwa hauelezeki kwa vizazi na vifo, na muundo wa umri na jinsia wa watu waliohesabiwa haukufanana na ule unaotarajiwa. Wanafunzi hudhani piramidi ya umri ni mchoro wa kupamba daftari, kumbe ni chombo cha ukaguzi: watu wakiongezwa kwenye karatasi bila kuzaliwa, ni vigumu kuwagawa kwenye umri ipasavyo, na piramidi hutoa siri.

Angalia pia jinsi kosa moja linavyochafua pande mbili. Ikiwa sensa ya katikati imezidisha watu, kasi ya mwongo uliotangulia inaonekana kubwa kupita ukweli, na kasi ya mwongo unaofuata inaonekana ndogo kupita ukweli. Ikiwa imepunguza, mambo yanageuka. Kwa hiyo kwa upande wenu, ikiwa kweli sensa ya 2012 iliwakosa watu wengi kuliko zile zinazoizunguka, basi asilimia 2.7 ya kabla yake nayo ni ndogo mno, kama vile 3.2 ya baada yake ilivyo kubwa mno, na huenda mstari halisi ulikuwa karibu kunyooka katika asilimia 2.9 au 3.0 kwa miaka yote 20. Hebu chukua watu 34,443,603 wa mwaka 2002 na 61,741,120 wa mwaka 2022, uiruke kabisa sensa ya katikati, uone utapata nini.

Mjukuu_wa_Kahama

Nawashukuru nyote. Nimefanya kama alivyoelekeza mwalimu wa Mombasa na nimepata asilimia 2.9 kwa mwaka kwa miaka yote 20. Nikarudi nyuma zaidi, kutoka watu 23,095,882 wa mwaka 1988 hadi 2002, nikapata tena 2.9. Kumbe ukiiondoa sensa moja ya katikati, fumbo linapungua sana.

Bado nina maswali mawili. Kwanza, kama kasi haijabadilika kwa zaidi ya miaka 30, katika ule mfano wa mpito wa demografia, unaopanga nchi kwa hatua kadiri vizazi na vifo vyake vinavyoshuka, tuiweke Tanzania hatua ya pili au ya tatu? Kitabu kimoja kinasema ya pili, kingine ya tatu. Pili, swali langu la Dar es Salaam halijajibiwa.

Mwalimu_wa_Nyanda_za_Juu

La hatua nitalijibu kwa kifupi, kwa sababu wanafunzi hulipa muda mwingi kuliko linavyostahili. Hatua ya pili ni ile ambayo vifo vinashuka wakati vizazi vimebaki juu, na hatua ya tatu ni pale vizazi navyo vinaposhuka kwa kuonekana. Vifo vyetu vimeshuka sana, na vizazi vimeanza kushuka lakini polepole, hivyo tuko mwanzoni mwa hatua ya tatu, au tuseme kwenye mlango kati ya hizo mbili. Ukiligawa jibu kwa maeneo, mijini kwenye wastani wa 3.6 wamo ndani ya hatua ya tatu bila ubishi, na vijijini kwenye 5.5 bado wako ya pili. Msahihishaji mwenye busara atakupa alama kwa hoja yako, si kwa namba ya hatua. Kumbuka vilevile kwamba mpangilio huu ulichorwa na watu kama Warren Thompson, aliyeandika mwaka 1929, na Frank Notestein mwaka 1945, wakitazama zaidi historia ya Ulaya na Marekani, ambako vifo vilishuka kwa zaidi ya karne moja. Kwetu vimeshuka ndani ya maisha ya mtu mmoja, na ndiyo maana pengo letu ni pana kuliko lilivyopata kuwa katika nchi nyingi za Ulaya.

Mkazi_wa_Vikindu

La Dar es Salaam niachieni mimi, maana naishi ndani ya jibu lake.

Vikindu iko wilaya ya Mkuranga, na Mkuranga iko mkoa wa Pwani. Kwa mujibu wa sensa, mimi na majirani zangu si wakazi wa Dar es Salaam. Lakini alfajiri ukisimama barabara ya Kilwa utaona daladala na pikipiki zinavyoelekea Mbagala na Kariakoo zikiwa zimejaa, na jioni zikirudi. Wengi wetu tulikuwa wapangaji Temeke au Ilala. Kodi ilipopanda na familia ilipokua tulitafuta kiwanja ambacho mshahara unaweza kukimudu, na kiwanja hicho kikaangukia upande wa pili wa mpaka wa mkoa. Hali ni hiyohiyo Mapinga na Kerege upande wa Bagamoyo, Kiluvya upande wa Kisarawe, na Kibaha kwa wanaopita barabara ya Morogoro.

Sensa inasema hivyohivyo kwa lugha ya nambari. Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012, na mwaka 2022 ulikuwa na 2,024,947. Hiyo ni kasi ya zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka, karibu maradufu ya taifa, na haiwezi kuelezwa kwa uzazi hata kama kila nyumba ya Pwani ingezaa mapacha. Ni watu waliohamia, wengine kutoka mikoa ya mbali, wengine wakisukumwa nje na jiji lenyewe. Sasa jumlisha mikoa hiyo miwili: mwaka 2012 ilikuwa na watu 5,463,209 kwa pamoja, na mwaka 2022 ilikuwa na 7,408,675. Kasi yake ni asilimia 3.0 kwa mwaka. Watu hawajaacha kuja, na mji wenyewe umevuka mpaka uliochorwa kwenye ramani ya utawala.

Kuna jambo jingine la kutazama, nalo ni kwamba hata hiyo asilimia 3.0 si kubwa kuliko ya taifa. Dada Hesabu_za_Watu ametaja kwamba wanawake wa mijini huzaa wachache. Kwa hiyo eneo la Dar es Salaam lina vizazi vichache kuliko wastani wa nchi na linafidia upungufu huo kwa wahamiaji. Halafu wahamiaji wenyewe siku hizi wana mahali pengine pa kwenda: Dodoma baada ya serikali kuhamia huko, Mwanza, Geita kwenye dhahabu, na miji midogo ya barabarani ambayo zamani ilikuwa vituo vya mabasi tu. Geita imetoka watu 1,739,530 hadi 2,977,608 katika miaka hiyohiyo kumi. Wewe wa Kahama nadhani unaijua habari ya miji ya madini kuliko mimi.

Hesabu_za_Watu

Mkazi wa Vikindu ameligusa jambo la mipaka, nami naongeza tahadhari moja kwa yeyote atakayelinganisha mikoa, kwa sababu kosa hili nimeliona mara nyingi kwenye kazi za wanafunzi. Ukichukua jedwali la mwaka 2012 utakuta Mbeya ina watu 2,707,410. Ukichukua la mwaka 2022 utakuta ina 2,343,754. Asiyejua ataandika kwamba Mbeya imepoteza watu zaidi ya 360,000 na ataanza kutafuta ukame, magonjwa au uhamiaji wa kwenda Zambia. Ukweli ni kwamba mwaka 2016 mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya, na mwaka 2022 Songwe peke yake ilikuwa na watu 1,344,687. Ukivijumlisha viwili hivyo unapata 3,688,441, na kasi ya asilimia 3.1 kwa mwaka, ambayo haina ajabu yoyote.

Hali hiyohiyo itakukuta ukijaribu kulinganisha sensa ya 2002 na ya 2012 katika maeneo ya Geita, Simiyu, Katavi na Njombe, kwa kuwa mikoa hiyo minne ilianzishwa mwaka 2012 wenyewe. Shinyanga na Mwanza za mwaka 2002 zilikuwa kubwa kuliko za leo, na Iringa na Rukwa vilevile. Tafuta majedwali ambayo Ofisi ya Taifa ya Takwimu imeyapanga upya kwa mipaka ya sasa. Usipoyapata, jumlisha mikoa iliyotokana na mkoa mmoja kabla ya kukokotoa chochote.